Ukoko wa Columbus

Kostansia aliposikia kwamba binti yake ataposwa ndani ya mgahawa wa piza, tena katika mji ambao hawana ndugu wala jamaa, alicheka mpaka akalazimika kukaa chini. Halafu kicheko kikamwisha ghafla.

"Yaani watu wamesimama mlangoni wanasubiri meza," alisema, "na sisi tumekaa tunajadili mtoto."

"Mama, tunakutana katikati ya njia," Florida akamjibu. "Utaratibu ni uleule. Ni mahali tu pamebadilika."

Binti hakukosea. Silvano, kijana aliyetaka kumwoa, aliishi Buffalo, mtaa wa Kensington-Bailey, pamoja na baba yake mkubwa, mzee Polycarpe, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki. Kutoka Buffalo mpaka Louisville, walikoishi Kostansia na binti yake, ni saa nane na zaidi kwa gari, kwenda tu. Mzee Polycarpe alikuwa na ofu ya Jumapili peke yake, na Jumatatu alfajiri alitakiwa awe amesimama mbele ya mashine yake kiwandani. Kostansia naye hakuwa na nafuu. Katika ghala la Jeffersontown alikopakia vipuri vya magari kwenye maboksi, anayekosa siku anaandikiwa pointi ya kumsogeza kufukuzwa, na yeye alikuwa nazo mbili: moja ya mazishi, nyingine ya theluji. Basi ikaamuliwa iwe Columbus, mji ulio kati ya hapo. Wa Buffalo ndio wangesafiri zaidi, na hilo Kostansia aliliona sawa kabisa. Anayeomba ndiye achoke.

Mgahawa aliuchagua Silvano. Mwenzake wa kiwandani alimwambia kwamba Columbus kuna mahali panapouza piza nene inayookwa ndani ya sufuria ya chuma, na watu wanapanga foleni mpaka nje. Silvano akapiga simu kuuliza kama mtu anaweza kukaa muda mrefu bila kufukuzwa. Akaambiwa piza yenyewe inakaa kwenye oveni robo tatu ya saa. Akasema, hapo hapo.

Huyu Kostansia hakuwa mtu wa kuchezewa. Aliingia Tanzania mgongoni mwa mama yake, mwaka ambao Warundi walikuwa wakikimbia usiku na mchana. Ukimbizini akakulia, ukimbizini akaolewa, na huko huko, kambi ya Mtabila, akamzika mumewe Methodi aliyeugua homa siku nne tu. Florida alikuwa na miaka mitatu. Walipopata nafasi ya kuletwa Marekani, afisa alimuuliza familia yake ina watu wangapi. Akajibu wawili. Afisa akauliza tena, maana familia zilizotangulia zilikuwa na watu tisa, watu kumi.

"Wawili," Kostansia akarudia. "Lakini tunatosha."

Na kweli walitosha. Sasa ilikuwa mwaka 2015, miaka saba tangu wafike Louisville, na kanisani kwao Kostansia ndiye aliyekuwa saa ya mchungaji. Mahubiri yakizidi, alichukua mkoba wake sakafuni na kuuweka mapajani. Mchungaji akiona mkoba umepanda, alianza kutafuta amina.

Florida alikutana na Silvano kanisani humo humo, kwaya ya Buffalo ilipokuja kuimba. Binti alikuwa na miaka ishirini na moja, anafanya kazi ya kutunza wazee, mcheshi, mwepesi wa kulia. Kostansia hakuwa na neno baya juu ya kijana. Alichokuwa nacho ni woga. Kila siku alipotoka shifti alikuta viatu vya Florida mlangoni, vimetupwa ovyo, na kila siku aligomba kuhusu viatu hivyo. Akavifikiria visipokuwepo. Tangu azaliwe hajawahi kulala kwenye nyumba ya mtu mmoja. Kambini kulikuwa na njaa, kulikuwa na vumbi, lakini upweke huo hakuwahi kuuona. Aliogopa, na aliona aibu kuogopa, basi akaamua kukataa.

Kukataa kwenyewe kulikuwa na njia yake. Kwa watu wa ukoo wao, upande wa binti haugusi chakula cha waposaji mpaka mama mzazi amemega. Mama akimega, jibu ni ndiyo. Asipomega, wageni wanaelewa, wanaaga kwa heshima, na hakuna aliyetukanwa. Siku mbili kabla ya safari, Kostansia alimwita Dionizi, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye angekuwa msemaji wao.

"Waambie tumesikia, wasubiri, tutazungumza mwakani. Mimi sitamega."

"Mwakani?" Dionizi alishangaa. "Shemeji, kijana ana kasoro gani?"

"Anaishi kwenye theluji."

Hilo nalo Silvano alijitakia. Novemba iliyopita theluji ilipoifunika Buffalo, alimtumia Kostansia picha, amesimama karibu na gari lililozikwa mpaka madirishani, meno yote nje. Alitaka kumchekesha mkwe. Kostansia akaihifadhi picha ile kama ushahidi.

Jumapili ya safari waliondoka saa tatu asubuhi, Florida akiendesha. Kostansia alivaa kitenge chake cha Pasaka, akinung'unika kwamba tangu afike Amerika hajawahi kukosa ibada. Dionizi alivaa suti. Dionizi huyu alipenda vitu viwili duniani, hotuba na chakula, na siku hiyo vyote viwili alikuwa anavifuata Columbus. Waliposimama kujaza mafuta alikataa hata biskuti.

"Natunza nafasi," alisema, akijipapasa tumbo.

Kostansia alisubiri Florida ashuke garini. "Shemeji, hiyo nafasi unaitunzia nini? Leo hatuli."

Dionizi hakuwa amelifikiria jambo hilo kwa upande wa tumbo. Hakuzungumza tena mpaka walipovuka mto pale Cincinnati.

Walipofika, watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye lami ya maegesho. Mzee Polycarpe, mrefu, mwembamba, kofia mkononi, alikuwa amefika zamani. Silvano, amefunga tai, alikuwa mlangoni akiwafungulia watu mlango. Alikuwa ameanza kwa kumfungulia bibi mmoja, halafu akakosa pa kuachia, na sasa wateja walikuwa wakimuuliza yeye choo kiko wapi. Alipomwona Kostansia aliinama kwa adabu, akauachia mlango, ukamgonga kisigino.

Mapokezi walimpa Dionizi kidude cheusi, kwa sababu yeye ndiye aliyevaa suti, wakamwambia kitamjulisha meza ikiwa tayari. Akakitia mfukoni pamoja na karatasi ya hotuba. Alikuwa katikati ya kumsalimu mzee Polycarpe, wameulizana habari za afya na ndio kwanza wanaingia kwenye habari za kazi, kidude kikaanza kutetemeka na kuwaka taa nyekundu.

"Yesu!" Dionizi akaruka. Salamu zikaishia hapo, jambo ambalo Kostansia alilihesabu kuwa kosa la kwanza la mgahawa.

Mezani Kostansia alipanga watu mwenyewe. Waposaji upande wa ukutani, wao upande wa pili. Kwa desturi Florida angekaa chumba cha ndani mpaka aitwe. Chumba cha ndani hakikuwepo, basi akawekwa pembeni kabisa, akaambiwa awe kama hayupo. Akawa hayupo, isipokuwa kila mhudumu alipokuja, maana yeye ndiye aliyejua kuagiza.

Mhudumu, msichana mwenye nywele zilizofungwa juu na kalamu ndani yake, aliomba radhi: piza ingechukua dakika arobaini na tano. Florida akatafsiri. Uso wa mzee Polycarpe ukang'aa.

"Miaka yote niliyokaa Marekani," alisema, "leo ndiyo nakutana na chakula chenye adabu. Vingine vyote vinafika hujamaliza hata kusalimia."

Kostansia alitaka kucheka, akajizuia.

Mzee akasimama. Meza ya jirani walikuwa wakitazama mpira kwenye televisheni, wakageuka kumtazama yeye. Hakujali. Alieleza kwamba wametoka mbali wakifuata nyayo za ndama wao aliyepotea, na nyayo zimewaleta moja kwa moja mpaka kwa watu hawa waungwana.

Dionizi akainuka, akafunga kifungo cha koti. "Mzee wetu, karibu sana, lakini ndama kwetu amepita wapi? Sisi tunakaa ghorofa ya pili, na karatasi ya nyumba inakataza hata paka."

"Huyu wetu hasumbui majirani," Polycarpe akasema. "Nasikia ana leseni ya udereva."

Hapo hata Florida, ambaye hakuwepo, alicheka. Wakaendelea hivyo, huyu akirusha, huyu akidaka, na Dionizi alikuwa mtamu wa maneno kama siku za Mtabila alipokuwa akiitwa kila harusi. Kisha mzee akaacha mzaha.

"Mama Florida," alisema kwa sauti ya chini, "huyu kijana sikumzaa. Lakini sijawahi kumwita mtoto wa ndugu yangu. Namwita mwanangu, na hajanifanya nijute. Nyumbani kwetu tuko wanaume wawili tu, tunapika vibaya sana. Hatuombi mpishi. Tunaomba mtu wa kucheka naye."

Kostansia alimpenda mzee huyo, na jambo hilo likamuudhi. Ni vigumu kumkatalia mtu usiyemchukia. Alimtazama Silvano, ambaye tangu wakae hakuwa ametamka neno wala kuinua macho, kama inavyompasa mkwe. Tai ilikuwa imemkaba.

Piza ikaja. Mhudumu aliibeba kwa glavu nene, sufuria nyeusi ya chuma, akaitua katikati ya meza. Kostansia alitarajia mkate bapa kama ule wanaoletewa kazini siku za sherehe. Hii ilikuwa na kina. Nyanya zilikaa juu zikichemka, na pembeni kote jibini ilikuwa imepanda ukingo wa sufuria, ikashika, ikaungua, ikawa ya kahawia inayokaribia weusi. Mhudumu akakata, akawawekea kila mmoja kipande kwenye sahani, sufuria ikabaki tupu na ule mduara ulioungua.

Harufu ile Kostansia aliijua. Ilikuwa harufu ya ukoko.

Kule Mtabila, baada ya kumzika Methodi, walikuwa wakipika ugali wa mgao kwenye sufuria moja iliyopinda. Ugali ukiisha, kilichobaki chini ni ukoko, na ukoko ulikuwa wa Florida. "Kula wewe," Kostansia alimwambia kila siku. "Mimi siupendi, unanikwaruza koo." Ulikuwa uongo mtupu. Alipokuwa msichana alipigana na kaka zake kwa ajili ya ukoko, na kovu la pigano moja lipo mpaka leo kwenye kiwiko. Lakini uongo ukisemwa kila siku unakuwa kama jina la mtu, na ukoko ukaendelea kuwa wa Florida. Louisville walipewa sufuria za kisasa ambazo chakula hakishiki. Kostansia akasema afadhali, kusugua kumeisha.

Aliitazama sufuria ya Columbus kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Alipoinua macho, watu wote walikuwa wakitazama mkono wake. Mzee Polycarpe aliutazama. Dionizi aliutazama kwa njaa ya mtu aliyekataa biskuti. Florida, ambaye hakujua lolote la mpango wa mama yake, aliutazama akitabasamu.

Kostansia akaushusha mkono chini ya meza.

Dionizi akaelewa. Alisimama taratibu, macho yake hayakuondoka kwenye sahani. "Wazee wetu," alianza, "tumewasikia, na tumefurahi. Mmesema vizuri. Ila jambo hili ni kubwa, na sisi ni watu wa polepole. Tunaomba mtupe muda. Mwakani, Mungu akipenda, tutakaa tena tuzungumze."

Mzee Polycarpe akaichukua kofia yake iliyokuwa mezani, akaiweka juu ya goti. "Tumeelewa," alisema. Hakukuwa na ugomvi katika sauti yake, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mama?" Florida aliita.

Kostansia hakugeuka. Alijua akigeuka ataona macho yamejaa, na yeye mwenyewe hakujiamini.

Wakati huo huo mhudumu akarudi. Aliona sahani tano zimejaa, na mlangoni foleni haijapungua. Akauliza kama kila kitu ni sawa. Hakuna aliyemjibu. Basi akafanya kazi yake, akanyoosha mkono wenye glavu aondoe sufuria tupu.

Silvano akaidaka kwa mikono miwili.

"Hapana, tafadhali," alisema kwa Kiingereza. "Bado hatujamaliza."

Mhudumu akamwonya kwamba ni ya moto. Silvano alikuwa amekwisha kuligundua hilo, lakini hakuachia. Kwa muda kidogo wakashikana sufuria, msichana huku, kijana kule, na meza ya jirani wakaacha mpira kabisa.

"Silvano!" Mzee Polycarpe alitamani ardhi ipasuke. "Umepatwa na nini? Acha sufuria ya watu!"

"Nisamehe, baba."

Mhudumu akaachia, akaondoka akitikisa kichwa. Silvano akachukua kisu, akaanza kukwangua. Kwa watu wao hakuna aibu kubwa kama hiyo: mwanamume mzima, siku ya kuposa, amekataliwa, na anakwangua sufuria mbele ya mkwe. Dionizi aliangalia dari. Silvano alikwangua polepole, akizunguka ukingo wote, vipande vikimeguka kwa mlio mkavu, mpaka sahani ndogo ikajaa. Yeye mwenyewe hakuonja hata punje. Akaishika sahani kwa mikono miwili, na kwa kuwa haifai kumpa mkwe kitu mkononi, akampa Florida. Florida akaipokea, akaiweka mbele ya mama yake.

"Wako huu, mama."

"Mimi siupendi ukoko," Kostansia akasema. Yalimtoka yenyewe. "Unajua unanikwaruza koo."

"Mama." Florida alikuwa analia na kucheka pamoja. "Unakumbuka nilipougua malaria, nikashindwa kula? Ulinilaza ukadhani nimesinzia. Nikaamka, nikatoka, nikakukuta nyuma ya nyumba. Umekaa chini, sufuria mapajani, unakwangua na kula, umefumba macho."

Kostansia akaitazama sahani ile ndogo.

"Nilikuwa na miaka saba. Nikajua siku hiyo kwamba unaupenda kuliko mimi. Nikarudi kulala."

"Na hukusema."

"Ningesema, ingebidi tugawane." Florida akajifuta pua kwa kiganja. "Nimekula ukoko wako mpaka siku tuliyopanda ndege. Silvano aliponiuliza mara ya kwanza mama yako ni mtu wa namna gani, hicho ndicho nilichomweleza."

Kostansia akamtazama kijana. Vidole vyake vilikuwa vimeiva kwa moto wa chuma, naye alikuwa amevificha chini ya leso ya karatasi, macho mezani.

"Nisamehe, mama," Silvano akasema. "Niliona mhudumu anaondoka na ukoko."

Kwa miaka yote ile Kostansia aliamini kwamba kule Mtabila hakuna aliyemwona. Hicho kilikuwa kitu chake peke yake, hakukisema hata kwenye maombi. Kumbe ameonwa tangu zamani, na aliyemwona alikibeba mpaka Marekani, akamkabidhi mtu mwingine akitunze. Machozi yalimtoka mbele ya wageni, na mbele ya meza ya jirani, akayaacha yatoke.

Akatoa mkono chini ya meza. Akachagua kipande kikubwa, cheusi kuliko vyote, akakivunja katikati. Nusu akaiweka kwenye sahani ya Florida. Nusu akaitia mdomoni, akatafuna, na sauti ya kutafuna ikasikika meza nzima.

Mzee Polycarpe aliirudisha kofia mezani. Dionizi bado alikuwa amesimama.

"Shemeji," alinong'ona, "nimekwisha kuwaambia mwakani."

"Basi waambie vingine. Si wewe ndiye msemaji?"

Dionizi akakohoa, akafunga tena kifungo cha koti. "Wazee wetu, nilipotaja mwakani sikuwa nimefika mwisho wa sentensi," alisema. Kisha akakaa, akachukua uma, na mwisho wa sentensi ile hakuna aliyeusikia mpaka leo.

Kostansia alichukua kipande kingine cha ukoko, akakigeuzageuza. "Silvano."

"Naam, mama."

"Huko Buffalo mna sufuria?"

"Tunazo, mama."

"Za kisasa, au zinazoshika chakula?"

Silvano alimtazama baba yake mkubwa. Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mpishi mbaya wa miaka mingi.

"Kwetu kila kitu kinaungua, mama," Silvano akasema.

"Vizuri," akasema Kostansia. "Nitakuwa nakuja."